Wadai wa mwenye nyumba wa zamani: yaliyotukuta Nkuhungu

Kabla ya kununua nyumba yetu hapa Nkuhungu, Dodoma, tulikagua paa, tukagonga kuta, tukauliza mgao wa maji ni siku zipi, tukamsimamisha jirani atuambie mvua ya Januari ikipiga maji yanatuama wapi. Ofisi ya ardhi nako tulikwenda, na hati ilikuwa safi. Jambo moja tu hatukuwa na pa kuliulizia: aliyetuuzia alikuwa anadaiwa huku na kule. Madeni mengi ya siku hizi hayagusi hati. Mtu anakopa kwa kitambulisho, barua ya serikali ya mtaa, wadhamini wawili na picha ya nyumba anayoishi. Anapouza na kuhama, picha inabaki kwenye faili la mkopeshaji, na mkopeshaji anaanza safari kutokea kwenye hiyo picha.

Naandika kwa ajili ya walionunua au wanaotaka kununua nyumba iliyokwisha kukaliwa. Dodoma tuko wengi. Tangu serikali ihamie huku, nyumba za mjini zimebadilishana wenyewe kwa kasi, na wauzaji si wote waliouza kwa sababu wamepata pazuri zaidi. Wengine waliuza kwa sababu wamebanwa.

Wa kwanza kubisha hodi alikuwa kijana wa kampuni moja ya mikopo, amekuja na pikipiki, faili la plastiki kwapani. "Shikamoo mama. Mzee yupo?" Nikamuuliza mzee yupi. Akafungua faili akanionyesha picha: yule bwana aliyetuuzia amesimama mbele ya geti, ameshika kitambulisho kifuani. Geti kwenye picha ni la kijani na sisi tulishalipaka kahawia, lakini bawaba ya chini iliyopinda ilikuwa ile ile, hata mimi nisingeweza kubisha kwamba si pale. Nikamwambia amehama, nyumba ameuza. Akacheka kidogo, kama mtu aliyesikia jibu hilo asubuhi hiyo hiyo kwenye nyumba nyingine. Kumbe ndivyo wanavyoambiwa kila siku, mara nyingi na mdaiwa mwenyewe akiwa chumbani.

Baba watoto, kwa wema wake, akampa namba yake ya simu. "Ukimpata na sisi tujulishe, maana kuna vitu vyake alisahau." Wema huo ulitugharimu usingizi. Namba ile iliingia kwenye faili kama ya ndugu wa mdaiwa. Simu zikaanza, kwanza za heshima, halafu meseji za vitisho, halafu zikaja kutoka kwa wakopeshaji wengine kabisa, wale wa mikopo ya kwenye simu, wanaomwandikia kila mtu waliyempata kwenye orodha ya majina. Moja ilimwita mwizi anayeficha mwizi mwenzake. Mtu mzima, mwalimu, anasoma maneno hayo mbele ya wanafunzi wake wakati wa mapumziko.

Kwa hiyo, ukiniuliza, namba yako usiitoe. Toa ya wakili, au waelekeze ofisi ya mtaa. Na namba ikishatoka, usibishane kwenye meseji. Jibu mara moja kwamba wewe si mdaiwa, si mdhamini, na hukuridhia namba yako itumike, halafu hifadhi kila kinachokuja. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Tume yake inapokea malalamiko. Benki Kuu nayo ndiyo inayotoa leseni kwa wakopeshaji hawa wadogo. Novemba 2024 ilitangaza programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yanakopesha kwenye simu bila leseni. Sisi tulipouliza kwa maandishi, "Leseni yenu ya Benki Kuu ni namba ngapi?" wawili kati ya wasumbufu walinyamaza moja kwa moja. Wengine waliendelea wiki kadhaa.

Wakili aliyetuandikia mkataba ndiye aliyetupangia mambo yakaeleweka. Alisema deni ni la mtu aliyekopa, halihamii kwa mnunuzi wa nyumba yake kwa kuwa tu wanatumia geti moja. Lakini yapo yaliyoshika nyumba yenyewe, na hayo hayajali nani anaishi ndani: rehani iliyosajiliwa kwenye hati, zuio lililowekwa kwa Msajili wa Hati, kodi ya pango la ardhi isiyolipwa, bili ya maji, deni kwenye mita ya umeme. Kazi yetu ilikuwa kujua kila anayebisha hodi anadai la upande gani.

La umeme niligundua mwenyewe, wala hakuna aliyekuja kudai. Nilinunua umeme wa elfu kumi, uniti zilizokuja zikanishangaza kwa uchache. Kwa mita ya kawaida ya nyumbani, kama kodi ya majengo ya mwezi imeshakatwa, elfu kumi huleta uniti 28 hivi. Mimi nilipata kama robo yake. Meseji ya LUKU watu wengi tunasoma namba za kuingiza tu, lakini ina mistari mingine: VAT, tozo za EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) na REA (wakala wa umeme vijijini), na mstari wa makato ya deni. Hapo napo pana mtego wa kuelewa. Si kila kinachoitwa deni ni la aliyetangulia. Kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU tangu 2021, na tangu Julai 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na usiponunua umeme miezi kadhaa inajilimbikiza. Nyumba ilikaa tupu kabla hatujahamia, kwa hiyo sehemu ilikuwa hiyo kodi. Iliyobaki ilikuwa deni la zamani la mita, linalokatwa kidogo kidogo kila ukinunua.

Maji vilevile. Akaunti ilikuwa kwa jina lake, na bili ya miezi ya nyuma ikisubiri. Tulilipa, tukabadilisha jina kwa kupeleka mkataba wa mauziano na barua ya mtaa. Nilinung'unika, sitasema uongo, kulipia maji ambayo wengine walifulia. Ila hapo ndipo nilipomshukuru wakili. Alikuwa ametushauri tusimalize pesa yote siku ya kusaini. Tulibakiza milioni moja na nusu, ikaandikwa kwenye mkataba kwamba tutaimalizia jina likishabadilika na madeni ya huduma yakishajulikana. Muuzaji alinuna siku ile. Aliona kama tunamdharau. Lakini hiyo bakaa ndiyo iliyomfanya apokee simu zetu miezi yote iliyofuata, wakati za wengine hapokei.

Sasa niwaeleze habari ya kina mama, kwa sababu ndiyo iliyoniuma.

Mke wa yule bwana alikuwa kwenye kikundi cha mikopo, ile ya kudhaminiana, rejesho kila wiki. Mwenzako asipoleta, mnachanga wengine mmalizie, la sivyo afisa mikopo hafungi kikao na hakuna anayekwenda nyumbani. Siku moja wakaja kikundi kizima. Wakaingia uani, wakatandika kanga chini ya mwarobaini, wakakaa. Hawakupiga kelele. Mwenyekiti wao, mama wa makamo, akaniambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, sisi hatuna ugomvi na wewe. Tumefuata tangi letu."

Tangi la maji la lita 2,000, lililosimama kwenye mnara wa matofali nyuma ya jiko. Lilikuwa limeandikwa kwenye fomu ya mkopo kama dhamana, pamoja na friji, televisheni na makochi. Friji na makochi yeye aliondoka navyo. Tangi alituachia, na kwa Dodoma, ambako maji ya bomba huja kwa zamu, nyumba isiyo na tangi utaishi na ndoo.

Baba watoto alitaka walichukue yaishe. "Tutanunua lingine, aibu hii siiwezi." Majirani walishajaa kwenye ukuta, na mtoto wetu mdogo alikuwa amejifungia chumbani. Mimi nikaona leo tukitoa tangi, kesho atakuja mwenye fomu ya mabati. Nikampigia mjumbe wetu. Ni mzee wa Kigogo, mtaratibu kupita kiasi, alifika akaanza na "Mbukwa" kwa kila aliyekaa pale, mmoja mmoja, mpaka nikahisi damu inachemka. Baadaye ndipo nilielewa: alipomaliza kusalimia, hakuna aliyekuwa bado na hasira ya kutosha. Akasema twendeni kwa mtendaji wa mtaa, mambo ya mali hayaamuliwi uani.

Kule mtendaji akasoma mkataba wetu kwa sauti. Kulikuwa na mstari mmoja uliotuokoa: nyumba inauzwa "pamoja na tangi la maji na mnara wake, mita ya umeme, na milango na madirisha yote." Wakili alikuwa ameingia ndani akahesabu, wakati huo niliona anapoteza muda. Wauzaji wengi huandika "nyumba na vilivyomo" na kuishia hapo. Na saini ya mke ya kuridhia mauzo ilikuwepo, ya mwenye fomu ya mkopo yule yule, kwa hiyo asingeweza kusema tangi liliuzwa bila yeye kujua. Mtendaji akawaambia kina mama mdaiwa wao ni mwenzao, wampeleke Mahakama ya Mwanzo.

Walinyanyuka bila neno. Najua tulikuwa na haki. Lakini wale wanawake wanauza mboga za majani, ubuyu na vitumbua, na rejesho la mwenzao walilimalizia kutoka mifukoni mwao, wiki kwa wiki. Mwenyekiti anauza soko la Sabasaba na bado nanunua mchicha kwake. Mara ya kwanza kukutana baada ya hapo nilitaka kugeuza njia. Akaniita mwenyewe, akanipimia, akaniongezea fungu. Tangu hapo sijawahi kuingia kikundi cha kudhaminiana, na nikishawishiwa huwa nasema nina sababu zangu.

Ya tatu ilikuwa tangazo getini. Tulirudi kutoka kanisani tukakuta karatasi imebandikwa kwa gundi ya unga, bado mbichi. Notisi ya siku 14, kampuni ya udalali, jina la yule bwana kwa herufi kubwa, na maneno kwamba nyumba itauzwa kwa mnada wa hadhara kufidia deni. Chini muhuri. Magoti yaliniisha nguvu. Akiba yetu yote ya miaka iko ndani ya zile kuta, pamoja na mkopo wa chama cha akiba ambao bado tunakatwa mshahara.

Tulitaka kuibandua, jirani akatuzuia. Alisema piga picha kwanza, yote, na geti lionekane. Ushauri mzuri. Ukishaipiga picha isome polepole, maana tangazo la kweli lina vitu vyake. Kama ni amri ya mahakama, litataja mahakama ipi na kesi namba ngapi, na anayetekeleza ni dalali wa mahakama mwenye hati ya kumtuma. Kama ni benki inauza rehani, hati itaonyesha rehani hiyo. Sheria ya madalali, Sura ya 227, inadai tangazo la siku zisizopungua 14 kabla ya kuuza ardhi kwa mnada, kwa hiyo hizo siku 14 zinaogopesha lakini pia ni muda wako wa kufanya kazi.

Letu halikuwa na namba ya kesi. Halikuwa na namba ya kiwanja wala kitalu, liliandika tu "nyumba iliyopo Nkuhungu." Hata hivyo wakili hakutaka tudharau. Jumatatu akaomba upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati. Majibu: jina letu, hakuna rehani, hakuna zuio. Akaandikia ile kampuni ya udalali barua, akaambatanisha majibu ya upekuzi, akataka waonyeshe wanauza kwa mamlaka gani.

Walichoonyesha kilikuwa kopi ya karatasi ya enzi za CDA. Wageni wa Dodoma huenda hamjui: zamani ardhi ya mji huu ilikuwa chini ya Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, iliyoanzishwa 1973, na watu walipewa umiliki wa miaka 33. Mwaka 2017 Rais Magufuli aliivunja, kazi zake zikaenda kwa halmashauri, na wenye viwanja wakatakiwa kubadilisha nyaraka zao wapate hati za miaka 99. Yule bwana alibadilisha, akapata hati mpya, akatuuzia kwa hiyo. Lakini kopi ya karatasi ya zamani alibaki nayo, na ndiyo aliyoikopea. Aliyemkopesha alipokea kopi ya nyaraka iliyokwisha kufa bila kwenda hata mara moja kuuliza kwa Msajili. Hapakuwa na rehani yoyote, alikuwa na deni la kawaida lenye kiambatisho.

Mnada haukufanyika. Wakili alisema kama wangekuwa na hukumu halali dhidi ya muuzaji na wakakamata nyumba yetu kimakosa, tungefungua pingamizi katika mahakama ile ile inayokaza hukumu, chini ya Amri ya 21 ya Sheria ya Mwenendo wa Madai, tukaeleza mali si ya mdaiwa. Nalo lisingesubiri siku ya mnada. Na kama tungekuwa tumenunua kwa mkataba tu, hati bado ina jina lake, mazungumzo yangekuwa marefu na ghali. Nawafahamu watu hapa mjini wamenunua miaka minne iliyopita na jina hawajabadilisha kwa sababu ya kuogopa kodi na ada za uhamisho. Siwasemi. Zile pesa zinauma. Ila nawaombea wasipate muuzaji kama wetu.

Baada ya tangazo lile tulimwomba mtendaji atuandikie barua kwamba nyumba hii ilibadilisha mmiliki, tarehe fulani, na mmiliki wa zamani haishi tena mtaani. Mhuri wa serikali ya mtaa una nguvu kuliko maelezo yangu yote. Ninatoa kopi ya barua hiyo na ukurasa wa kwanza wa hati, basi. Mkataba nimeutolea kopi bei na namba za vitambulisho zikiwa zimefunikwa kwa karatasi, maana mwanzoni afisa mmoja alitaka kuupiga picha wote kwa simu yake, na nikajiuliza picha hiyo inakwenda faili gani tena. Nyaraka halisi hazitoki ndani. Anayekuja namsikiliza getini, namuuliza jina, ofisi na kitambulisho, nayaandika kwenye daftari mbele yake. Wengi hupungua sauti wakiona kalamu. Ndani haingii mtu bila mjumbe.

Siwatukani, ingawa nimetamani. Wengi ni vijana wanaolipwa kwa walichokusanya, jua la Dodoma limewachoma na wanaambiwa uongo kutwa. Mmoja nilimpa maji ya kunywa, akaniambia jina la yule bwana liko pia kwenye ofisi ya rafiki yake, hivyo nijiandae. Nilijiandaa, na rafiki alipofika barua ilikuwa mezani, akaisoma, akaipiga picha, akaaga. Dakika tano.

Muuzaji mwenyewe alitupigia wakati mmoja. Aliomba tuwaambie wanaomtafuta kwamba amehamia Tabora. Nilimwambia sijui anakoishi na sitabuni. Wala sikuwahi kuwaelekeza kwa mama yake, ambaye majirani wanajua anakaa wapi, ingawa niliulizwa mara nyingi na kuna siku nilikuwa karibu kusema. Yule bibi hakukopa.

Siku ya kumalizia bakaa alikuja ofisini kwa wakili, amekonda. Tukamwekea mezani risiti za maji na meseji za LUKU nilizokuwa nimezihifadhi, kodi ya majengo ya miezi ambayo nyumba ilikuwa yake tukaitenganisha na yetu, ikakatwa yake tu. Aliuliza kuhusu shilingi elfu kadhaa, tukapiga hesabu upya, akakubali, akasaini. Barua za wakili na ada ya upekuzi hatukumkata, maana mkataba haukusema. Ukiandika wako, uweke na hilo.